Msumari wa Ndimu

Mota ilikuwa nzima na stima ilikuwepo, lakini mashine mpya ya kusaga ngano pale Nakuru iligoma. Nikizungusha swichi ya mwendo, amri inapotelea njiani. Tangu asubuhi nilikuwa nimefungua kila kifuniko hadi nikachoka kutukana.

Ubao uliofunika waya ndio sikuwa nimeugusa, kwa heshima. Juu yake zilipigiliwa ndimu na pilipili zilizotungwa kwenye uzi, kinga dhidi ya kijicho cha watu.

Nikaubandua. Msumari wa ndimu ulikuwa umepenya na kuukata waya mwembamba, ule unaobeba amri.

Mlango ukafunguka. Mama Kanchan, mwenye kinu, alikuwa na nyundo mkononi.

“Fundi, shida nimeona. Ndimu imekauka. Nimeleta ingine, na msumari mrefu zaidi.”