Glavu za Bruno

Kila asubuhi Tekla alishona glavu zilizotoboka za watelezaji kwenye theluji, maana kamba waliyoishika iwavute kupanda mlima kwa injini ya lori kuukuu ilizitafuna viganjani. Leo hakuja mtu. Viti vipya vya kuning'inia kwenye waya vilikuwa vikiwapandisha wakiwa wamekaa, mikono mifukoni.

Alikuwa anafunga kikapu chake cha nyuzi Bruno, mmoja wa watelezaji, alipoingia na glavu zake mkononi.

"Zimetoboka tena."

"Kwani viti navyo vinatafuna glavu?"

Tekla akazigeuza. Tundu lilikuwa la mviringo, limekatwa kwa mkasi. Akaangua kicheko.

"Bruno! Na zile za mwaka jana?"

"Zote mkasi."

Tekla akatunga uzi kwenye sindano, akingoja. Masikio ya Bruno yakawa mekundu.

"Sikuwa nafuata glavu, Tekla. Nilikuwa nakufuata wewe."