Namba Nne

Kidole cha mkewe kilitembea juu ya migongo ya majalada ya santuri, kikafika namba saba, kikasita. Jaji akaomba kwa moyo wote. Kidole kikarudi nyuma, kikachomoa namba nne.

Angeweza, angepiga ukelele wa kuwatoa majirani nje. Lakini tangu kiharusi kimwangushe, sasa mwezi wa tatu, mwili ulikuwa umegoma. Akili timamu, masikio mazima, macho yanaona. Ulimi, mikono na miguu vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyelazwa naye kitanda kimoja.

Jaji hakuwa jaji. Alikuwa mpima ardhi mstaafu. Jina alipewa na marafiki waliokuja kila Jumamosi kunywa chai yake na kusikiliza hukumu zake. Alikuwa na rekodi kumi na moja za misa moja ya wafu. Misa ile ile, noti zile zile, okestra na kwaya tofauti. Aliweza kukueleza ipi imekimbia, ipi imesinzia, na ipi imeimbwa na watu wanaojua wanachokililia. Hiyo ilikuwa namba saba. Aliifuata safari ya siku mbili.

Namba nne ilikuwa kichekesho chake. Kwaya ya mji mdogo, iliyorekodiwa siku moja ndani ya ukumbi wa shule na watu waliotoka kazini. Katika sehemu ya tatu, pale okestra inaponyamaza na kila mtu anabana pumzi, mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza anaingia peke yake, kabla ya wenzake. Jaji aliwawekea wageni sehemu hiyo mwishoni, watu wakishashiba.

"Subirini," alisema. "Subirini... huyo hapo. Nadhani alikuwa na basi la kuwahi."

Wageni walicheka mpaka chai ikawapalia. Mkewe wakati huo kila mara alikuwa na shughuli jikoni.

Hakumlaumu. Alishakata shauri zamani kwamba mkewe hana sikio la muziki. Siku ya kwanza ya uchumba wao alimkalisha kwenye kochi, akampigia namba nne, kisha namba saba, akamwuliza tofauti. Binti wa watu akainamia kikombe chake, akasema zote nzuri. Jaji akampenda hivyo hivyo. Ila gramafoni alimkataza kuigusa, asije akakwaruza santuri kwa sindano.

Sasa aliigusa kila siku, saa tisa alasiri. Daktari alikuwa amemwambia, "Mama, mpe vitu vinavyomgusa. Huwezi kujua kipi kitamwamsha." Naye, masikini, akampa namba nne. Jirani mmoja aliyekuja kumjulia hali mgonjwa aliuliza ni muziki gani huo. Alipoambiwa ni misa ya wafu, alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni.

Siku ya kwanza Jaji alidhani mkewe amekosea. Wiki ya pili alidhani anaipenda rangi nyekundu ya jalada. Baadaye aliacha kudhani. Alilala chali, machozi ya hasira yakimtiririka mpaka masikioni, na mkewe akayafuta kwa ncha ya leso.

"Najua, mume wangu," alisema. "Najua inakugusa."

Alasiri hiyo, namba nne ikizunguka tena, alikuwepo mtaalamu wa viungo, mama mwenye mikono ya nguvu aliyekuja mara mbili kwa wiki kumkunja na kumkunjua. Akiwa anamnyoosha goti, alimtazama Jaji usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mama, huyu anatusikia," alisema. "Na anaelewa. Mzee, kama unanisikia, fumba macho. Yabane kabisa."

Jaji akayabana.

Mkewe aliketi ghafla ukingoni mwa kitanda, mkono mdomoni.

"Basi tutaongea hivyo," mtaalamu akasema, sauti imechangamka. "Ukifumba mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Pole pole, wala usiharakishe, nami nitahesabu kwa vidole. Tuanze na jambo dogo. Huu muziki unaopigiwa kila siku, unaupenda?"

Hata kupona hakuwa ameomba kwa bidii kama alivyoomba kuulizwa swali hili. Kama angelijibu, kesho saa tisa angesikia namba saba, na kesho kutwa, na siku zote alizobakiza. Kwenye gramafoni sehemu ya tatu ilikuwa imeanza, okestra ikififia. Jaji akakusanya nguvu zake zote. Akafumba. Akafumbua.

"Moja," mtaalamu akahesabu, akainua kidole, akangoja.

Okestra ikanyamaza. Yule mwanamke akaingia peke yake, kabla ya wenzake.

"Huyo ni mimi," mkewe akasema taratibu. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikasema, labda safari hii sauti yangu ataitambua."

Mtaalamu hakugeuka. Alikuwa bado amemwinamia mgonjwa, kidole cha pili kiko tayari. Jaji akakodoa macho. Yakawasha, yakajaa maji, yakaanza kutetemeka kwenye kope, naye akayashikilia wazi.