Siri ya Nyamusi

"Zima," Damayanti alisema.

Obura, mpiga picha aliyekodiwa Kisumu, aliinua uso kutoka kwenye kamera. Walikuwa wamepanda kilima cha Kebirigo tangu asubuhi na vyombo vyote vya kupigia picha mgongoni, ili wampige picha mama mmoja akichuma majani ya chai. Sasa mama mwenyewe alikuwa mbele yao, kikapu mgongoni, na jua lilikuwa zuri kabisa.

"Nizime vipi, madam? Hata hatujaanza."

"Zima, tafadhali. Shuka ukaningoje barabarani."

Obura alishuka akinung'unika. Damayanti akabaki kati ya michai, amesimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amejiandalia maneno ya kusema. Yote yalimpotea.

"Nyamusi. Umenitambua?"

"Nitakosaje?" yule mama alisema. "Si nilikubeba kwa mgongo huu huu?"

Damayanti alizaliwa mjini Kisii, juu ya duka la nguo la baba yake, na Nyamusi ndiye yaya aliyemlea. Kila Desemba Nyamusi alipeleka misheni kifurushi cha nguo mpya za mtoto. Damayanti, akiwa na miaka kumi, alimfuata siku moja, akamsumbua kwa maswali mpaka yaya akasema. Alizaa kabla ya kuolewa. Alimwacha mtoto kwenye ngazi za misheni alfajiri, akajificha nyuma ya ua mpaka masista walipomchukua.

"Mume wangu Manasseh hajui," Nyamusi alimwambia. "Ukifungua mdomo, mimi nimekwisha."

Damayanti aliapa.

Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda Bombay, akawa mwigizaji wa sehemu ndogo ndogo. Mwaka 1965 mtayarishaji mmoja alitafuta hadithi ya kuwaliza watu. Damayanti akampa ile. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyeigiza mama anayeshuka zile ngazi mikono mitupu. Watu walilia kumbi nzima, na jina lake likapanda.

Sinema ile ilisafiri mpaka Afrika Mashariki. Kaka yake akamwandikia kutoka Kisii kwamba mji mzima umeiona, na kwamba siku iliyofuata yaya Nyamusi alitoweka, hakuna ajuaye aliko. Mama yao hakuandika tena hata mstari mmoja. Hilo halikumshangaza Damayanti. Aliamini mama hakupenda binti yake aonekane kwenye sinema.

Lakini Nyamusi hakumtoka kichwani. Kila taa za studio zilipowashwa alimwona Manasseh akimtupia yaya wake vyombo nje. Katikati ya mwaka uliofuata aliacha kuigiza. Aliuza vito vyake, akanunua kamera, akaanza kuwafuata wanawake ambao hakuna aliyewapiga picha: wavunja kokoto, wasokota sigara, wafua nguo za watu. Alipewa tuzo. Waandishi wa habari walimsifu kwa moyo wake wa huruma, na kila sifa ilimchoma, kwa sababu alijua moyo huo ulianzia wapi.

Na sasa, mwaka 1976, baada ya kumtafuta kwa muda mrefu, alikuwa amempata.

"Nilikusaliti," alisema, na machozi yakamtoka, machozi ambayo hakuyaita. "Uliniambia siri yako, nikaiuza. Nilikuvunjia nyumba. Sikuja kukupiga picha, Nyamusi. Nimekuja kuomba msamaha."

Nyamusi alishusha kikapu polepole.

"Nyumba gani imevunjika?"

"Si Manasseh alikufukuza?"

"Manasseh?" Nyamusi alinyoosha mkono kuelekea bondeni, ambako mzee mmoja alikuwa akikata majani ya migomba. "Yule pale. Tulihamia hapa pamoja, kwa shamba la baba yake. Hajawahi kunifukuza hata jikoni."

Damayanti alimtazama mzee yule. Kitu kizito alichokibeba miaka yote kilianza kulegea kifuani. Karibu acheke.

"Basi mbona uliondoka mjini ghafla hivyo?"

Nyamusi aliokota jani moja lililoanguka, akalirudisha kikapuni.

"Mama yako hajambo?"

"Alifariki. Mwaka wa sitini na nane."

Nyamusi aliketi chini, hapo hapo kwenye udongo, akafunika mdomo kwa leso. Alilia. Damayanti alichuchumaa kando yake bila kujua amguse au amwache.

"Hakuna mtu aliniambia," Nyamusi alisema hatimaye. "Nilikuwa nangoja siku moja aniite, nimweleze."

"Umweleze nini?"

"Siku ya sinema alinipeleka nikae karibu naye. Alifurahi sana kukuona, alikuwa anawaambia watu, yule ni wangu. Halafu ukafika pale kwa ngazi. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Asubuhi akaniambia nifunge vitu vyangu, nisikanyage tena kwake."

"Mama? Mama alikufukuza kwa nini?"

"Alisema nimemuuza. Nikamwapia kwa Mungu sijamtaja kwa mtu. Na ni kweli, sikumtaja. Wewe ulikuwa mtoto, ungesema kwa baba yako, ndiyo nikajitaja mimi."

Nyamusi alimgeukia, akamshika mkono.

"Mimi nilikuwa natumwa tu na zile nguo, mwanangu. Yule mtoto wa misheni alikuwa wa mama yako."