Maiti Haombwi Radhi

“Maiti haombwi radhi!” alisema Daktari, akiugonga mswada kwa kalamu. “Mtu anamwosha marehemu, halafu anamwambia, ‘Samahani, mama, maji ni ya baridi’? Jamani! Nani atameza hiyo?”

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu aliinamisha uso kuficha meno.

Daktari hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika uandishi wa hadithi, kama wenzake wote mle chumbani. Jina hilo alibandikwa wiki ya kwanza, aliposema kwamba baba yake anafanya kazi hospitali kuu, nalo likamkaa vizuri kama shati la kushonesha. Tangu hapo alivaa kidaktari, akaongea kidaktari, na miswada ya wenzake akaipasua kidaktari.

Darasa lile lilikuwa na utaratibu wake. Miswada ilisomwa bila majina. Mwenye mswada alikaa humo humo katikati ya wenzake, akisikia kazi yake inavyochambuliwa, na zamu yake ikifika naye alisimama kutoa maoni kama mtu baki, asije akajulikana. Mwalimu aliamini kwamba asiyeweza kuvumilia hilo asisumbue wachapishaji.

Na siku hiyo mchapishaji mwenyewe alikuwepo. Mhariri mkuu wa kampuni moja ya vitabu, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning’inia kifuani, alikaa nyuma kabisa bila kusema neno. Alikuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kujifunza kazi ofisini kwake. Daktari alikuwa akiiota nafasi hiyo tangu aanze masomo.

Mswada wenyewe ulimhusu mhudumu wa chumba cha maiti, mtu anayeongea na marehemu kama wageni waliomtembelea. Huyu anamwita mjomba, yule dada, geuka kidogo, samahani, karibu tumalize. Mchekeshaji wa darasa ndiye aliyefungua mlango wa maoni: “Mimi nimeusoma nimeziba pua.” Kicheko kilichofuata kikamtia ndimu Daktari, aliyekuwa na zamu ya pili.

“Na mikono je?” aliendelea sasa, bila kutazama karatasi. “Eti inanuka dawa hata anapomkatia mtoto mkate mezani. Nani anataka baba wa namna hiyo kitabuni?”

Safari hii waliocheka walipungua. Macho yalianza kumwendea Shangazi, muuguzi mstaafu aliyerudi shule akiwa na wajukuu, mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo. Nani mwingine angejua habari za hospitali kwa undani ule? Shangazi hakuwa amecheka hata kidogo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

Daktari aliona macho ya Shangazi yamelowa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ulimi ulikuwa umeshashika mbio.

“Kwa ufupi, ni uongo mtupu,” alimalizia, akakaa. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaikata bila kuitazama.

Mhariri mkuu alisimama.

“Nimeingia kazi hii nywele zangu zikiwa nyeusi,” alisema. “Jana nilisoma mswada huu mpaka chai yangu ikapoa. Nitauchapisha. Na aliyeuandika ndiye ninayemtaka ofisini kwangu. Nani mwenyewe?”

Vichwa vyote vikamgeukia Shangazi.

“Mnaniangalia nini?” alisema. “Si wangu. Natamani ungekuwa wangu.”

Mchekeshaji alichungulia huku na huku. Hakuna aliyeinua mkono. Daktari alikuwa akikagua kamba za viatu vyake.

“Basi kama anaona haya mbele za watu,” alisema mhariri, “nitakuwa ofisini kwa mwalimu mpaka mchana. Aje peke yake.” Alipofika karibu na Daktari alisimama kidogo. “Na wewe, kijana wangu, uhariri si uchinjaji.”

Nje, ukumbini, Shangazi alimshika Daktari mkono.

“Mwanangu, leo umeniudhi. Mwenye hadithi alikuwa mle ndani, amekusikia neno kwa neno.”

“Najua, Shangazi.”

“Basi katafute namna ya kumwomba radhi.”

“Ndiyo nashindwa pa kuanzia.”

Shangazi alimtazama, akaguna, akaenda zake.

Daktari alipanda ngazi hadi kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu. Ndani kijiko kilikuwa kikikoroga kikombe. Aliinua mkono abishe hodi, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha. Angeingia na uso gani, baada ya yale aliyoyasema? Nafasi aliyoiota ilikuwa nyuma ya ubao ule mmoja, na miguu ilikataa.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii aliipokea.

“Afadhali umeshika! Nimepiga mapema, ukakata,” ilisema sauti ya baba yake, yenye mwangwi wa chumba cha vigae. “Ehe, si ndiyo leo? Ile hadithi yako uliyonisomea, wenzako wameipokeaje?”

“Baba...”

“Subiri kidogo, usikate. Kuna mgeni hapa, si vizuri kumweka.”

Simu iliwekwa juu ya kitu cha chuma. Bomba likafunguliwa. Kisha, kwa mbali, kwa upole uleule wa siku zote, Daktari akaisikia sauti ya baba yake:

“Samahani, mama, maji ni ya baridi.”