Makochi Mekundu ya Fundi Siwema

Asubuhi fundi Siwema aliuza cherehani iliyowalisha miaka ishirini, na kabla ya adhuhuri makochi mekundu yakajaa sebuleni. Wakwe wa binti yake wangekuja Jumapili, naye hakutaka kuwakalisha tena mkekani.

"Sasa tutakula nini, Mama Chausiku?" mumewe aliuliza, amesimama kama mgeni nyumbani kwake.

"Angalau hatutadharauliwa," alijibu.

Wakaketi. Nailoni iliyofunika makochi ikalia chini yao. Mara hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yao mjamzito, na kitambaa cheupe mkononi.

"Shikamoo, fundi. Nimeleta kitambaa cha nguo za mtoto."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Jirani akayatazama makochi, akaitazama kona tupu ilipokuwa cherehani, akabaki kusimama, kitambaa amekikumbatia.