Kadi ya Tano

Neno la Kiingereza "keep" lilikuwa na kadi tano mezani, kila kadi na maana moja na mfano mmoja. Mifano yote ilikuwa kauli za marehemu Mwanaidi, mkewe Mwalimu Hamdani, ambazo Mwalimu alizinakili akimsikiliza jikoni. Hakubaki na sauti yake nyingine.

"Mwalimu, nafasi ni ya mifano minne," alisema Zawena, mhariri wa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. "Tukiondoa asili ya neno?"

"Asili yenyewe haijulikani vizuri. Iondoe."

"Hata hapo, bado mmoja umezidi."

Mwalimu akamsomea mfano wa kwanza: "Nafuga kuku, sifugi wavivu."

Zawena akacheka. "Mama huyu! Alikuwa anakusema wewe?"

"Nani mwingine?"

Mwalimu akampa kadi ya kufuga, ya kutunza siri, ya kutimiza ahadi na ya kuendelea kutembea. Ya tano, ya kuweka, ilibaki kiganjani mwake: "Niwekee chai, narudi sasa hivi." Aliiandika asubuhi ile Mwanaidi alipokwenda hospitali, asirudi.

"Ndiyo tunayoifuta?"

"Hii haichapishwi," alijibu taratibu.

Zawena alipoondoka, Mwalimu alimimina chai vikombe viwili. Kimoja alikifunika kwa kadi ile ya tano, na mvuke ukaanza kuutawanya wino.