Kimo cha Mshindo

Sheria mpya ilipowapa askari waliojeruhiwa vitani miguu ya bandia bure, Zamda alimsukuma mumewe Mshindo, aliyerudi bila miguu yote miwili, kwa kiti cha magurudumu hadi karakana ya serikali.

"Alikuwa na kimo gani?" fundi aliuliza. "Miguu ikiwa mifupi, hataanguka ovyo."

"Mifupi inatosha," Mshindo alisema.

"Inamtosha nani?" Zamda akadakia. "Paji langu la uso lilikuwa linafika kidevuni kwake. Nipime mimi."

Mshindo akacheka. "Unaona, fundi? Vita nilianzia nyumbani."

Fundi akampima Zamda.

Siku ya kujaribu, Mshindo alisimama akitetemeka, ameng'ang'ania vyuma viwili vya kujishikilia. Zamda akajongea karibu, akavua kilemba kilichofunika paji lake, akafumba macho, akangoja.